Drili ya kwanza ya nyumbani: ya waya, ya betri au ya SDS?

Mtu akienda Kariakoo kununua drili yake ya kwanza, dukani anaulizwa swali moja: una bajeti gani? Akishajibu, anashushiwa maboksi matatu manne ya bei hiyo, la kijani, la machungwa, la bluu, naye anachagua lenye wati zilizoandikwa kubwa zaidi. Swali lililopaswa kutangulia limebaki nyumbani: ukuta wako umejengwa kwa kitu gani?

Nalinganisha hapa aina tatu ambazo mwenye nyumba au mpangaji atakutana nazo: drili ya waya yenye nyundo, drili ya betri, na ile nzito inayotumia biti (vyuma vya kutobolea) za mfumo wa SDS, zinazosukumwa mahali pake bila kukazwa. Lakini nikianza na mashine kabla ya ukuta, nitakuwa nimefanya kama muuzaji.

Ukuta kwanza

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina kuta za matofali ya mchanga na saruji, ya inchi 5 au 6, yaliyopigwa lipu. Tofali hili ni laini kuliko watu wanavyodhani, hasa pale mfyatuaji alipobania saruji. Ukilitoboa huku nyundo ya drili, yaani mapigo yake ya kwenda mbele, imewashwa, tundu la milimita 8 linageuka la milimita 10, fisha (plastiki inayoishika skrubu ukutani) inazunguka humo ndani na skrubu haishiki kitu. Kwa hiyo kwenye tofali hafifu nyundo inazimwa. Unatoboa kwa mzunguko peke yake, taratibu, na tundu linatoka safi. Matofali ya kuchoma ya Iringa, Mbeya na Morogoro nayo anza nayo hivyohivyo, nyundo imezimwa, uwashe tu biti ikigoma kuingia.

Sasa inua macho juu ya dirisha. Pale kuna lenta, mkanda wa zege lenye kokoto na nondo ndani yake. Na fimbo ya pazia inakaa wapi? Palepale. Kazi ambayo karibu kila mwenye drili mpya huanza nayo ndiyo inayoangukia mahali pagumu kuliko pote ndani ya nyumba. Mtu anatoboa lipu kwa raha, biti inaingia sentimita moja na nusu, kisha inagonga kokoto na kugoma. Anasukuma, mashine inapata moto, biti inabadilika rangi kuwa ya bluu, na jioni hiyo majirani wanasikia kwamba drili za siku hizi ni feki. Pengine ni feki kweli. Mara nyingi zaidi ni lenta.

Kabla ya kulaumu mashine, soma vumbi. Lipu ikishapita, vumbi la tofali la saruji hutoka kwa wingi, lina chembe za mchanga unazozihisi kidoleni. La tofali la kuchoma ni jekundu. La zege ni jembamba, la kijivu cheupe, linatoka kidogokidogo huku biti ikilia. Ukigonga chuma kabisa, biti ikaacha kwenda na sauti ikawa kali, umefika kwenye nondo. Hama sentimita tatu nne pembeni, usishindane nayo. Wakati mwingine dawa ya lenta ni kupandisha vishikio vya pazia juu yake, urudi kwenye tofali. Pazia litahitaji kitambaa kirefu zaidi, basi.

Pwani kuna habari nyingine. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Mji wa Kale Mombasa zina kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Tabu kubwa huko ni chokaa na mapengo: biti inazama ghafla kwenye uwazi, na mtikisiko wa nyundo unadondosha kipande cha lipu kikubwa kuliko picha uliyotaka kutundika. Huko ni mzunguko tu, fisha ndefu, na mkono mwepesi. Nairobi, ambako nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe yaliyochongwa, drili ya kawaida yenye nyundo inatosha bila matatizo, ila nguzo na slabu za ghorofa ni zege kama kwingine.

Dari ya jipsamu haihitaji nyundo ya aina yoyote, na haibebi mzigo. Tafuta mbao au chuma kilicho nyuma yake.

Drili ya waya yenye nyundo

Hii ndiyo ningemchagulia mtu kama ningelazimika kuchagua bila kuiona nyumba yake. Wati 600 hadi 700, mdomo unaoshika biti hadi milimita 13, basi.

Nyundo yake si nyundo hasa. Ndani kuna sahani mbili za chuma zenye meno. Zikisuguana wakati mashine inazunguka, mhimili unarushwa mbele na nyuma kwa umbali mdogo sana, maelfu ya mara kwa dakika. Makita HP1630, mashine ya wati 710 inayojulikana sana kwenye maduka yetu, hufikia mapigo 48,000 kwa dakika. Ni mapigo mengi lakini mepesi, na hayafanyi kazi usipoisukuma mashine kwa nguvu zako mwenyewe. Ndiyo maana matofali na mawe laini yanatii, zege linakubali kwa shingo upande: tundu la milimita 6 kwenye lenta linawezekana kwa subira na biti mpya, la milimita 10 ni mateso.

Bosch GSB 13 RE, ya wati 600, ni ya kundi hilohilo. Chini yake kwa bei kuna Ingco, Total na wenzao, ambao boksi lao huandikwa wati nyingi kuliko za Makita kwa pesa pungufu. Wati zinapima umeme unaoingia. Hazikuambii mdomo umenyooka kiasi gani, wala swichi itadumu miaka mingapi. Kwa matundu ishirini thelathini kwa mwaka, hizi za bei nafuu zinafanya kazi, na sioni sababu ya anayeanza kujisikia vibaya kununua Ingco. Anayejua kwamba mwaka huu anajenga uzio, banda na jiko la nje, aongeze pesa.

Ambacho hupaswi kukubali kukikosa, kwa jina lolote: swichi inayobadilisha kasi kadiri unavyoibonyeza, kitufe cha kurudisha nyuma, kitufe cha kuwasha na kuzima nyundo, na mkono wa pembeni. Mkono huu watu huuacha kwenye boksi. Biti ikinasa kwenye nondo, mashine yote hujizungusha, na bila mkono wa pembeni kiwiko chako ndicho breki.

Faida yake kubwa kwa mtu wa nyumbani ni kwamba haizeeki ikiwa kabatini. Unaitoa baada ya miaka mitatu, unachomeka, inazunguka. Ikianza kutoa cheche nyingi na kukatakata, mara nyingi ni kaboni zimeisha, vipande viwili vidogo ambavyo fundi umeme yeyote wa mtaani anavibadilisha. Umeme inaotumia si wa kuhesabu: wati 600 kwa dakika kumi mfululizo ni unit 0.1 ya LUKU, na hakuna mtu anayetoboa dakika kumi mfululizo.

Udhaifu wake unaujua tayari: TANESCO wakikata, kazi imekwisha. Waya nao unakuwa mfupi siku zote. Ukitumia ekstensheni ya kuviringisha, ifungue yote kabla ya kuanza, maana waya uliobaki umeviringwa hupata joto.

Tena, drili nyingi zinakuja na plagi ya pini mbili za duara. Usichokonoe tundu la juu la soketi kwa kalamu ili kuiingiza, desturi ambayo tumeizoea mno. Mwambie muuzaji aweke plagi ya pini tatu yenye fyuzi. Mashine yenyewe haihitaji waya wa ardhi ikiwa ina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake imekingwa mara mbili. Plagi ya pini tatu ni kwa ajili ya soketi yako na fyuzi yake.

Drili ya betri

Drili ya kwanza ya betri ilitolewa na Black & Decker mwaka 1961, kwa seli za nikeli na kadimiamu. Bado unaweza kukutana na za seli hizo kwenye mitumba. Ziache: betri zake zimeshachoka na kupata mpya ni shida. Za leo zinatumia lithiamu, na ni nyepesi kiasi kwamba mtu anaweza kupanda ngazi nayo mkono mmoja.

Kwa kufunga skrubu, hii inaishinda ya waya bila ubishi. Ina pete yenye namba nyuma ya mdomo. Ukiiweka namba ndogo, mashine inaachia yenyewe skrubu ikishakaza, kabla haijazama ndani ya ubao au kukatika kichwa. Ya waya kwa kawaida haina kitu hicho. Mtu anayefunga kabati, kitanda, bawaba za milango na rafu za mbao atafurahi na ya betri kila siku.

Shida inaanza kwenye volti. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6. Seli tatu ni 10.8, na boksi linaandikwa 12. Seli tano ni 18, na boksi la kampuni nyingine linaandikwa 20 kwa betri ileile. Huo ni ujanja wa biashara unaovumilika, kwa sababu seli ikitoka tu kwenye chaja hufika volti 4 na ushee. Usiovumilika ni ule wa betri zilizoandikwa 48VF, 88VF na hata zaidi, zinazouzwa kwenye sanduku la plastiki lenye vikorokoro vingi. Ukiifungua, mara nyingi ndani zimo seli tano zilezile, volti 18, wakati mwingine dhaifu kuliko za wenzao. Namba yenye herufi VF nyuma yake ichukulie kama pambo. Angalia badala yake herufi Ah: betri ya 2.0Ah inafanya kazi muda mrefu mara mbili kuliko ya 1.0Ah ya volti zilezile, mradi boksi linasema kweli.

Kati ya volti 12 na 18, mpangaji wa chumba na sebule achukue ya 12. Ni ndogo, inaingia kwenye kona za kabati, na kwa mbao na tofali laini inatosha. Hakikisha tu kwamba ina alama ya nyundo kwenye pete, kwa sababu nyingi za 12 hazina. Kwa Bosch, GSB 120-LI inayo, GSR 120-LI haina, na dukani zinawekwa rafu moja. Ya volti 18 yenye nyundo inakaribia ya waya kwenye tofali, lakini ukijumlisha betri mbili na chaja unalipa zaidi ya ya waya ya daraja lilelile.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye bei. Betri inazeeka hata usipoitumia, na inazeeka haraka zaidi kwenye joto. Ukiiacha kwenye buti la gari juani, Dar au Mombasa, unaila bila kuitumia. Iweke ndani, ikiwa na chaji ya nusu hivi. Na kabla hujalipa, uliza kama betri pekee inauzwa dukani hapo. Kama haiuzwi, umenunua mashine yenye tarehe ya kufa.

Ya SDS

Bosch walileta mfumo wa SDS mwaka 1975. Biti yake ina mifereji kwenye shina na haikazwi kwa mdomo wa kawaida, inasukumwa tu hadi iseme tak. Ndani ya mashine kuna pistoni inayosukuma hewa, na hewa inasukuma chuma kinachogonga biti. Bosch GBH 2-26 inapiga mapigo kama 4,000 kwa dakika, machache sana ukilinganisha na yale 48,000 ya Makita, lakini kila pigo ni zito, la nishati ya jouli 2.7. Hapo ndipo lenta inaposhindwa. Tundu ulilohangaika nalo robo saa linaisha kabla hujapangusa jasho, wewe ukiwa umeishika tu bila kusukuma.

Pamoja na hayo, usiinunue iwe ya kwanza. Ni nzito, ina kelele, inasambaratisha tofali hafifu, na biti zako za kawaida haziingii bila kiunganishi ambacho huyumba. Kwa mbao na vyuma vidogo ni balaa. Ukiwa na matundu manne ya lenta, muite fundi mwenye nayo, au uiazime kwa siku. Wa kuinunua moja kwa moja ni anayeishi kwenye ghorofa ambalo kila ukuta ni zege.

Mbili za kukwepa

Ya kwanza ni ile mashine fupi ya betri yenye mdomo wa pembe sita, ambayo muuzaji ataiita impakti. Kazi yake ni kufunga skrubu ndefu na boliti kwa mapigo ya kuzungusha, si ya kusukuma mbele. Haishiki biti ya duara, na ukutani haikusaidii. Ni mashine nzuri sana, ya pili au ya tatu.

Ya pili ni ya mtumba yenye plagi ya njano ya duara. Hiyo imetoka kwenye saiti za ujenzi za Uingereza, ambako hutumia volti 110 kupitia transfoma. Za Marekani ni volti 120, za Japani 100. Umeme wetu ni volti 230 na Kenya 240. Ukiichomeka moja kwa moja, utaona moshi kabla hujafikisha biti ukutani. Soma kibati kilichobandikwa ubavuni. Muuzaji atakwambia zote ni sawa.

Pesa iliyobaki iende kwenye biti

Ningependa watu wapunguze theluthi ya pesa ya mashine waiongeze kwenye biti. Zile za bure zinazokuja kwenye sanduku ni za kufundishia uvumilivu. Biti ya ukutani ina ncha ya kabaidi, kipande kilichochomelewa kichwani na kipana kidogo kuliko shina. Nunua ya milimita 6 na ya 8, kila moja nzima na ya jina linaloeleweka. Fisha ya 6 inataka biti ya 6, ya 8 inataka ya 8, si "inayokaribiana".

Ya mbao ina kincha katikati kinachoizuia kuteleza. Kwa mbao za misonobari kutoka Sao Hill hata biti ya chuma itapita. Kwa mninga au mkongo usithubutu kukaza skrubu bila kutoboa njia kwanza, tundu jembamba kuliko skrubu yenyewe, la sivyo kichwa kitakatika na shina libaki ndani milele. Ya chuma inataka kasi ndogo, tone la mafuta, na alama iliyogongwa kwa sentapanchi ili isiteleze juu ya grili. Vigae vya bafuni vina biti yao yenye ncha kama ya mkuki: bandika mkanda wa karatasi mahali pa kutoboa, nyundo imezimwa mpaka kigae kipite, ndipo ubadilishe biti uendelee ukutani. Na popote pale, usitoboe kwenye mstari uliosimama wima juu au chini ya swichi na soketi. Waya hupita humo.

Kazi kwa kazi

Kutundika picha, saa na kioo kidogo kwenye tofali: ya waya au ya betri, yoyote. Pazia kwenye lenta: ya waya ukiwa na subira na biti mpya ya 6, ya SDS ukiwa nayo, ya volti 12 usijaribu. Televisheni kwenye tofali: ya waya, fisha za 8 au 10, nyundo imezimwa, na kama tofali linamung'unyika, hamisha kishikio badala ya kuongeza ukubwa wa fisha. Kitanda, kabati, meza: ya betri, na ya waya hapo itakukera. Grili na mageti: ya waya, kwa sababu chuma hula betri. Shamba au saiti isiyo na umeme: ya betri ya volti 18, na betri mbili za akiba.

Kwa hiyo mwenye nyumba ya matofali anunue ya waya leo, na ya betri ya volti 12 siku pesa ikiruhusu. Zikiwa mbili, hutaki tena kubadilisha biti kati ya kutoboa na kufunga, na kazi inakwenda haraka ajabu. Mpangaji anayehamahama aanze na ya betri, na akubali kwamba pazia litamhitaji fundi.

Dukani, kabla ya kulipa, omba ichomekwe. Funga biti ndefu, bonyeza swichi kidogo sana: ianze polepole, isiruke. Itazame ncha ya biti ikizunguka. Ikichora duara badala ya kusimama kama nukta, ama biti imepinda ama mdomo umepinda, badilisha biti uone tena. Jaribu kurudisha nyuma, washa nyundo uisikie ikibadilisha mlio, nusa kama kuna harufu ya kuungua. Ya betri, jaribu betri zote mbili, si ile iliyochomekwa tayari. Kisha dai risiti ya EFD yenye jina la mashine, na dhamana iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo pamoja na namba iliyo kwenye kibati.